Nilivyogeuka Mzushi Saa Nne Asubuhi

Leo nimeaibika nikiwa na nyama mdomoni.

Sikutaka kusema. Lakini kuna watu kama thelathini hapa Nakuru wameona kwa macho yao, na nawajua nyinyi wasichana niliosoma nanyi darasa moja. Kesho mtaisikia ikiwa imetiwa chumvi na pilipili. Afadhali muisikie kwangu mwenyewe. Naandika kwa simu, betri imebaki kijiti kimoja, kwa hivyo mtu asiniulize maswali katikati.

Kwanza niwaelezee neno, maana bila hilo neno hamtaelewa hasira yangu. Na nina hasira!

Neno lenyewe ni "mzushi". Kwa sisi Waislamu, mzushi ni mtu anayeingiza kwa dini jambo ambalo halikuwepo. Hiyo ndiyo maana ya vitabuni. Maana ya hapa kwetu Bondeni ni nyingine kabisa: mzushi ni mtu yeyote ambaye hakubaliani na msikiti wako, na ambaye kwa wakati huo hayuko karibu kujibu. (Nyinyi Wakristo msijifanye. Wanjiku, si wewe ulituambia kanisa lenu liligawanyika kwa sababu ya gitaa, na walioondoka mnawaita waliopotea? Wamepotea wapi na wako ng'ambo ya barabara?)

Hilo neno nimelitumia sana. Nimelitumia sokoni, harusini, kwa foleni ya maji. Nikiwa kwa cherehani yangu nashona, mteja akitaja mtu fulani wa msikiti ule mwingine, nilikuwa najibu bila hata kuinua kichwa: "Mzushi huyo." Sikuwahi kufikiria ipo siku litanitafuta mimi.

Sasa sikilizeni. Kila mwaka Ramadhani ikielekea mwisho, sisi hugombana juu ya mwezi. Kuna wale wanaosema mwezi ukionekana popote duniani, hata Saudia, Idd imefika. Na kuna sisi tunaongoja uonekane hapa hapa, na kwa mawingu ya Nakuru hiyo ni kungoja kwelikweli. Kwa hivyo unakuta mtaa mmoja, nyumba hii inakula Idd, nyumba ya pili bado inafunga ya thelathini, na ukuta ni mmoja. Sisi tunawaita wazushi. Wao wanatuita wazushi. Na mwezi wenyewe ni mmoja jamani!

Ndugu yangu Twaha ni wa mwezi wa popote. Mimi ni wa mwezi wa hapa. Tumetoka tumbo moja, tumelala kitanda kimoja tukivutana blanketi, lakini kwa mambo ya mwezi tulikuwa hatuketi meza moja.

Vita vilianza baba yetu alipofariki. Arobaini ilipofika nikaandaa khitma, ile watu wanakaa pamoja wanasoma msahafu mpaka mwisho na kumwombea marehemu. Twaha akakataa kuingia. Khitma ya baba yake mzazi! Akasema mambo hayo hayakuwepo zamani, ni uzushi. Na akasema mlangoni, kwa sauti, wageni wakivua viatu.

Nilinyamaza. (Nasema kweli, nilinyamaza. Nyinyi hamniamini lakini huwa naweza.) Nikanyamaza mpaka Idd ya mwaka jana. Siku hiyo kwake ilikuwa Idd, kwangu bado mfungo. Akaja kwangu na sinia ya biriani, imefunikwa kitambaa cha Mama, ati tutakula jioni nikifungua. Pengine alikuja kutafuta amani. Sikumpa nafasi ya kusema. Nikatoka nje, majirani wote wako nje wanapiga gumzo, nikasema:

"Rudi nayo. Mimi sili sinia ya wazushi."

Watu wakacheka. Mama Farida, jirani yangu wa mlango kwa mlango, alipiga makofi. Twaha akasimama kidogo na sinia yake, halafu akageuka akaenda. Tangu siku hiyo hakunisemesha tena. Mwaka mzima!

Mama ndiye alibaki katikati. Anakaa kwa Twaha, huko mtaa wa Shabab, na kila Ijumaa anakuja kwangu. "Mama, mwambie mwanao dawa yako ya sukari iko kwangu." "Mama, mwambie dadangu nimeipata." Namna hiyo. Na kila Ijumaa akimaliza chai yake, Mama alikuwa anasema maneno yale yale: "Mimi nataka tu kuwaona sinia moja kabla sijaondoka." Nikawa namwambia aache mambo ya kuondoka. Yeye anasema sawa, na Ijumaa inayofuata anasema tena, na kila Ijumaa amekonda kidogo.

Halafu ikaja Januari hii, baada ya uchaguzi. Sina haja ya kuwakumbusha Januari ilikuwaje hapa kwetu. Tumejifungia ndani, barabara hazipitiki, baba watoto amekwama Malaba na lori lake, na unga niliokuwa nao ulikuwa wa siku moja. Asubuhi moja nafungua mlango hivi, napata mfuko wa unga, mafuta ya taa na kiberiti. Mtu hakuna. Mambo yalipotulia Mama akaniambia, "Ni nduguyo alileta. Na amesema nisikuambie."

Mimi ni mkaidi, mnanijua. Lakini kila nikisonga ugali wa ule unga, nilikuwa nasikia haya. Mwaka ambao watu wameitana majina mpaka nyumba zikachomwa, mimi na ndugu yangu tunanuniana kwa sababu ya nini? Ramadhani ilipoingia nikaamua: mwaka huu nameza kiburi. Nitakula Idd na Twaha siku yake, kwa mwezi wake, na nitambebea sinia mimi mwenyewe. Kama ni uzushi, basi tuwe wazushi wawili.

Nikamwambia Mama peke yake. "Lakini usimwambie Twaha. Nataka nimshtukize."

Mama akashusha kikombe chake. "Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Haya."

Haya! Alisema haya, akaendelea na chai yake!

Jana watu wakapigiana simu kwamba mwezi umeonekana Saudia. Msikiti wetu ukatangaza kwamba hapa haujaonekana, leo tunafunga ya thelathini. Nikasema safi, leo ni Idd ya Twaha. Nikalala nimetabasamu.

Alfajiri nikawa jikoni. Pilau ya mbuzi, ile ya Mama, vitunguu vinakaangwa mpaka vinakuwa rangi ya kahawa. Shida ni kwamba ploti yetu yote imefunga. Nikafunga madirisha. Nikaziba chini ya mlango na shuka. Nikachoma udi wote niliokuwa nao ndani. Ikawa sasa nyumba inanukia pilau inayoenda kuolewa.

Mlango ukagongwa. Mama Farida.

"Saumu, unapika?"

(Ndiyo, nilizaliwa Ramadhani, nikapewa jina la kufunga, na wakati huo nilikuwa nimeshaonja mara mbili. Tupite hapo tafadhali.)

"Napikia Mama," nikajibu bila kufungua. "Si unajua ana sukari, hafungi."

"Mtu wa sukari anapikiwa pilau?"

"Kidogo tu."

"Hiyo si harufu ya kidogo," akasema, nikasikia anasimama hapo hapo, ananusa. Mtu amefunga na anasimama kwa mlango wa watu ananusa! Nani ana makosa hapo?

Nikangoja aondoke. Nikaoga, nikavaa gauni jipya nililojishonea, rangi ya machungwa, shanga kifuani. Hina nilipaka tangu juzi, imefika karibu na kiwiko. Juu nikatupia buibui la kila siku. Nikafunga sufuria na leso, nikatokea mlango wa nyuma, mimi mtu mzima mwenye watoto watatu, natoroka kwangu kama mwizi wa kuku.

Barabarani nikapata mzee mmoja wa boda boda ya baiskeli. Nikapanda nyuma, sufuria mapajani, tukaelekea Shabab. Hatujafika mbali akaanza.

"Mathe, hii harufu itaniua. Kwani si nyinyi bado mnafunga?"

"Leo ni Idd."

"Redio imesema Idd ni kesho."

"Hiyo ya redio ni ya watu wa mwezi wa hapa."

Akanyonga pedali, anafikiria. "Kwani iko miezi mingapi?"

"Mzee, endesha baiskeli."

Yaani hata mzee wa boda boda alijua! Mungu alinitumia onyo kwa baiskeli na mimi nikamwambia aendeshe. Sasa hivi nikikumbuka naona aliniangalia kwa huruma aliponishusha.

Njiani nilikuwa najifunza maneno ya kumwambia Twaha. Unamwambia nini mtu ambaye hamjaongea mwaka mzima? Ukianza na samahani utalia. Ukianza na habari yako, ni kama mmekutana benki. Nikaona nianze na utani, maana zamani sisi tulikuwa watu wa utani. Nikatunga: "Idd mubarak, mzushi wangu! Mwaka huu tuko wawili!" Nikalirudia mara kadhaa. Likanikaa vizuri. Nikaona kabisa Twaha anacheka, ananikumbatia, Mama anafuta machozi na ncha ya leso.

Kila nikirudia, nilikuwa nachomoa kipande kimoja cha nyama. (Wasiwasi. Na pia siku ya Idd ni haramu kufunga, kwa hivyo kwa kweli nilikuwa natii dini.)

Nikafika kwa Twaha. Viatu vimejaa mlangoni, viatu vya wanaume, vimepangwa. Nikasema moyoni, wageni wa Idd hao, ndugu yangu ana watu! Ila nyumba ilikuwa kimya. Nyumba ya Idd huwa na kelele, watoto wanagombania soda, redio inalia, sahani zinagongana. Hii ilikuwa na sauti moja tu ya chini chini. Hapo mtu mwenye akili angesimama akajiuliza. Mimi nilitupa kipande kikubwa cha nyama mdomoni cha kunipa nguvu, nikavua buibui ili gauni lionekane, nikasukuma pazia na bega nikiwa na sufuria yangu mikono miwili.

"Idd mubarak, mzushi wangu! Mwaka huu tuko wawili!"

Jamani.

Wanaume wamejaa mkeka mzima, ukuta mpaka ukuta. Misahafu imefunguliwa mbele yao. Midomo imewakauka kwa saumu. Hakuna sahani, hakuna kikombe, hakuna hata maji. Mbele kabisa, mikono imeinuliwa kwa dua, alikuwa ustadh. Na si ustadh mwingine, ni ustadh wa msikiti WANGU! Yule yule ninayemsikiliza kila Ijumaa nikiitikia! Kando yake ameketi Twaha, amevaa kofia ya Baba.

Ilikuwa khitma. Twaha ameandaa khitma. Twaha, ambaye alisema khitma ni uzushi, amewaita watu nyumbani kwake kumsomea Baba, na amefunga ya thelathini na sisi, kwa mwezi wa hapa. Na mimi nimeingia kwa mlango wa wanaume, gauni la machungwa, nimekatiza dua ya baba yangu mwenyewe, nimepiga kelele neno lile, na nyama iko shavuni.

Hiyo nyama sasa. Kuimeza siwezi, ni kubwa. Kuitema mbele ya wazee siwezi. Nikasimama nayo.

Ustadh akashusha mikono polepole. "Saumu? Ni wewe?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Unatafuna?"

Nikatikisa kichwa, hapana. Shavu likanisaliti. Mtu mmoja safu ya pili akacheka puani, nikaangalia, ni Baba Farida. Mumewe yule wa kunusa mlango! Nikajua kufikia saa sita Bondeni yote itakuwa nayo.

Ustadh akageukia watu. Na yeye akipata mfano huwa hauachi. "Wazee wangu, wiki jana mliniuliza mzushi ni mtu wa namna gani. Nikawaelezea, mkasema hamjaelewa. Basi angalieni. Mtu anajipangia Idd yake. Anakula mchana watu wamefunga. Anavunja kikao cha dua. Si mnaona? Huyu ndiye anayeitwa mzushi."

Nikaimeza ile nyama nzima nzima, ikanikwaruza koo lote. "Ustadh! Mimi ni wa kwako!"

"Wa kwangu wamefunga," akasema.

Na watu wakacheka. Hasira niliyopata! Mimi ndiye mzushi? Mimi niliyewaita watu mzushi kwa niaba yake, bila malipo, miaka yote hii? Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na maneno, wallahi nilikuwa nayo mengi. Lakini mikono ilikuwa imeshika sufuria, sufuria ilikuwa nzito, na kila mtu ananitazama anacheka. Ikanijia kwamba Twaha alisimama hivi hivi mlangoni kwangu. Na sinia yake. Na watu wanacheka. Tofauti ni kwamba kwake yeye, aliyewachekesha watu alikuwa dada yake.

Nikashindwa kuinua macho. Nikaanza kurudi nyuma, natafuta pazia kwa kisigino.

"Ustadh, samahani."

Ilikuwa sauti ya Twaha. Nikasikia anasimama, magoti yake yanalia kama ya Baba.

"Huyo ni dada yangu. Kwa nyumba hii haitwi hivyo."

"Lakini Twaha, mimi naelezea dini, sijam—"

"Naelewa, Ustadh. Elezea na mfano mwingine. Hilo neno mimi na yeye tumelitumia vya kutosha."

Kicheko kikakatika. Baba Farida akaanza kutafuta ukurasa kwa msahafu wake. Twaha akapita katikati ya watu, akaruka miguu, akafika nilipo. Akaiangalia ile sufuria. Akaishika mikono miwili, akaipokea.

"Imeiva?" Hilo ndilo neno la kwanza ndugu yangu kuniambia baada ya mwaka mzima.

"Imeiva."

"Chumvi?"

"Nimeonja."

"Naona," akasema, akanifutia mchuzi kidevuni na kidole gumba. Nilikuwa na mchuzi kidevuni wakati huo wote! Hakuna mtu alisema!

Sasa hapo ndipo nikamkumbuka Mama. Nikaingia nyuma upande wa wanawake nikiwa nachemka. Alikuwa ameketi juu ya mto, tasbihi mkononi, ametulia kabisa.

"Mama! Ulijua!"

"Nilijua."

"Na hukuniambia!"

"Twaha alikuja akaniambia, mwaka huu nafunga na Saumu na namsomea Baba khitma, jioni utaenda umlete kwa futari, lakini usimwambie. Na wewe ukaja ukaniambia, mwaka huu nakula na Twaha, lakini usimwambie." Akavuta shanga moja. "Mwaka mzima mmenifanya posta. Posta haifungui barua za watu."

"Lakini Mama, ungeniambia hata kwa fumbo!"

"Nilikuuliza kama una uhakika. Ulisema una uhakika."

Wifi yangu, mke wa Twaha, alikuwa amejifunika uso wote na mtandio, mabega yanatikisika. Nikamwambia acheke tu, asijiumize. Akacheka mpaka akalazimika kutoka nje.

Kama mnafikiri iliishia hapo, hamumjui ustadh wangu. Watu walipotulia akanitumia salamu kupitia Twaha kwamba nimekula kwa kutojua, siku hiyo nitailipa, lakini kwa heshima ya mfungo nijizuie mpaka magharibi. Yaani nisile pilau yangu! Niliyoipika mimi! Niliyoibeba kwa baiskeli! Nikakaa jikoni kwa Twaha mchana kutwa, hina yangu kwenye povu la sabuni, naosha masufuria ya futari ya watu, na harufu inanipiga puani. Wenzangu wote wamevaa leso za kazi, mimi niko na shanga kifuani.

Aliyekula alikuwa Mama peke yake, maana hafungi. Wifi alimtilia vijiko vitatu tu kwa sababu ya sukari. Mama akaonja, akafikiria, akasema, "Imepungua chumvi."

Nikaendelea kusugua sufuria. Ningesema nimeonja, si wangecheka tena?

Lakini niwaambie jambo moja bila mzaha. Adhuhuri ilipopita walimalizia khitma, nikaketi nyuma ya pazia na wanawake. Walipofika mahali pa kumtaja marehemu, ni Twaha aliyesoma jina la Baba. Alianza vizuri, halafu sauti ikamkatika. Watu wakangoja. Nikamtajia mimi kutoka nyuma ya pazia, jina la Baba na la babu, akalirudia, wakaendelea. Nililia pale mpaka gauni likalowa, na sikuona aibu yoyote, aibu yangu yote nilikuwa nimeshaimaliza asubuhi.

Magharibi ilipoadhiniwa wakafungua kwa tende. Wageni wakala, wakaaga mmoja mmoja, ustadh naye akapita mbele yangu akasema pilau ni nzuri. (Wali wa mzushi umekushuka vizuri, Ustadh? Sikusema. Nilisema "Shukran." Nimekua.) Tukabaki watu wa nyumbani. Wifi akaleta sinia moja kubwa, pilau iliyobaki yote juu yake, akaiweka chini mkekani.

Twaha akakaa upande huu, mimi upande ule, Mama katikati. Tukanawa. Twaha akachagua kipande cha nyama kizuri, akaniwekea upande wangu. Mimi nikachagua kingine nikamwekea upande wake. Mama hakugusa chakula. Alikuwa anaangalia mkono wa Twaha ukiingia kwa sinia, halafu wangu, halafu wa Twaha, mpaka Twaha akamuuliza, "Mama, huli?"

"Nimeshiba," akasema. "Nyinyi kuleni."

Sasa nimerudi kwangu. Mama Farida amepita mara tatu mbele ya dirisha, anakohoa, anangoja nimfungulie. Sifungui. Kesho ni Idd ya mwezi wa hapa, yangu na ya Twaha, na mimi ndiye nitakayekuwa naila ya pili.

Simu imelia sasa hivi nikiandika. Ni meseji, kutoka kwa namba ambayo mwaka mzima niliiangalia bila kuipiga. Inasema: "Kesho kuja mapema tukule pamoja. Usikule njiani."

Nimeisoma mara saba. Msicheke. Ndugu yangu ameniandikia.